Somo: Kulinda viumbe wa ardhioevu barabara inapojengwa

Hatua ya 1: Tarehe. Kabla mkataba haujasainiwa, uliza vyura wanataga lini na ndege wanaatamia lini. Ufyekaji wote ukwepe miezi hiyo. Mkataba ukipita bila tarehe hizo, utabishana na mkandarasi hadi lami ikauke.

Hatua ya 2: Uzio. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Uzio wa kuwazuia wanyama wasiingie eneo la ujenzi unatangulia, greda linafuata. Ukiugeuza mpangilio huo, umewafungia wanyama ndani pamoja na mashine. Tumia plastiki nzito na laini, ufukie ncha ya chini ardhini, na nguzo zikae upande wa ujenzi ili chura asipate pa kukwea. Wavu wa plastiki ukatae kabisa, hata ule wa kushikilia udongo kwenye miteremko: nyoka huingiza kichwa na hawarudi. Mikeka ya nyuzi za nazi inatosha.

Hatua ya 3: Ukaguzi wa alfajiri, kila siku, kabla injini hazijawashwa. Chungulia chini ya mashine na ndani ya mitaro. Mtaro ukilala wazi, laza ubao wa mshazari ili aliyetumbukia apande. Buti zisafishwe na kutiwa dawa kabla ya kuhamia bwawa jingine, maana hubeba kuvu anayeua vyura.

Hatua ya 4: Maji. Tope hufunika mayai ya samaki yakakosa hewa. Maji ya kuoshea zege ni mabaya zaidi, ni makali kama magadi. Yawekewe shimo lake lisilovuja. Pampu ivalishwe chujio, la sivyo itafyonza viluwiluwi.

Hatua ya 5: Kalvati, yaani njia ya maji inayopita chini ya barabara. Sakafu yake izame chini ya kitako cha kijito, mchanga na mawe vijijaze humo. Kalvati linaloning'inia ni ukuta kwa samaki.

MASWALI

Kobe ametaga kwenye kifusi chetu cha changarawe. Tuhamishe mayai?
Hapana. Yakigeuzwa, kiinitete kinaweza kufa. Zungushia alama, chota changarawe kwingine, mwite mtaalamu wa wanyamapori.

Uzio wa kuzuia tope hautoshi kwa wanyama pia?
Unatosha ukiwa umefukiwa na haujachanika. Ila tazama kama umeimarishwa kwa wavu. Ukiwa nao, tumerudi kwa nyoka wetu.

Tuung'oe lini?
Mashine zikishaondoka na majani yameshika udongo. Sehemu zinazowaelekeza wanyama kwenye kalvati zijengewe uzio wa kudumu.