Namna ya kuanza kukusanya tokeni za maduka za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani

Yangu ya kwanza niliikuta hapa Ohio, ndani ya kopo la vifungo kwenye soko la mitumba. Ilikuwa ya mwenye duka la vyakula wa Cincinnati. Nikaiharibu siku hiyo hiyo, nitafika huko.

Kisa chenyewe ni chenji. Mwaka 1862, kwa hofu ya vita, watu walifukia sarafu hadi senti zikaadimika, wakawa wanalipana kwa stempu za posta zinazogandana mfukoni. Wenye maduka wakajigongeshea tokeni zao, vipande vya madini vya kutumika badala ya senti, nyingi mwaka 1863, zenye upana wa senti: milimita 19 hivi.

1. Chagua mji mmoja. Zipo zenye jina la duka, na zipo za kizalendo zenye picha kama bendera, bila jina la duka. Mimi nashika za maduka. Ohio imejaa hizo, Cincinnati ikiongoza.

2. Soma kwa lenzi. Ukiona ONE CENT, tafuta juu yake neno dogo NOT. Ujanja mtupu: kwa mbali ni senti, kwa karibu "si senti moja".

3. Tafuta namba ya Fuld, yaani namba ya tokeni kwenye katalogi ya akina Fuld. OH 165 ni Ohio, Cincinnati. Herufi inayofuata ni ya mfanyabiashara, tarakimu baada yake ni mihuri iliyotumika kuigonga, na herufi ndogo ya mwisho ni madini: a shaba nyekundu, b shaba ya njano. Uadimu huanzia R-1, zaidi ya 5,000 zilizobaki, hadi R-10, moja tu duniani. Usilipe bei ya R-8 kabla hujaihakiki mwenyewe.

4. Usisugue! Nyumbani sinia la shaba tunalisugua kwa ndimu na majivu. Nami nilifanya hivyo. Ikang'aa kama kitasa kipya, thamani ikaondoka na ule weusi. Mafuta yatoe kwa asetoni, bila kusugua, kisha ikaushe. Usiihifadhi kwenye plastiki laini ya PVC, itaota ute wa kijani.

5. Kagua ukingo. Mstari wa kiungo ukingoni, au vitundu kama vya mkate usoni, ni dalili ya nakala ya kumimina madini kwenye kalibu. Za kweli ziligongwa kwa mihuri.

Huna mji moyoni? Anza na Lindenmueller, mwenye baa wa New York aliyetoa zaidi ya milioni moja, hazisumbui kupatikana. Inasimuliwa kwamba kampuni ya tramu ya Third Avenue ilimpelekea rundo la tokeni zake azibadilishe kwa pesa halisi, akakataa katakata. Juni 8, 1864 sheria ikapiga marufuku sarafu za watu binafsi.