Kubadilisha buti ya CV kwenye Toyota 110 bila kuchomoa shafti yote

Ukichungulia nyuma ya tairi la mbele ukakuta rimu imetapakaa grisi nyeusi upande wa ndani, buti ya CV imeraruka. Nasema juu ya ule mpira wenye mikunjo unaofunika jointi ya CV, ile inayojikunja mwishoni mwa shafti inayopeleka nguvu ya giaboksi kwenye tairi, si buti ya kuwekea mizigo. Mpira wenyewe ni wa bei nafuu. Ghali ni jointi iliyo ndani: gololi 6 za chuma zinazobingirika kwenye mifereji iliyochongwa kwa usahihi mkubwa. Shafti ikizunguka, grisi inarushwa nje kupitia ule mpasuko, na vumbi na matope vinaingia mahali pake.

Mteja mmoja nilimwonyesha mpasuko huo mwezi wa Machi, kabla mvua haijaanza. Alirudi Mei, gari likigonga ka-ka-ka kila akikata kona. Ilibidi anunue jointi nzima, na jambo hilo liliniuma kwa sababu lingezuilika kwa asubuhi moja ya kazi.

Kwanza, sikiliza jointi

Tafuta uwanja mtupu. Kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole ukikanyaga mafuta kidogo, kushoto kisha kulia. Ikigonga, jointi imekwisha; grisi mpya itainyamazisha siku chache tu. Ikiwa kimya, nunua buti leo.

Kununua

Pale Kirinyaga Road, Nairobi, utapata za kila aina, kwa hiyo jua unachotaka. Taja modeli na injini, na useme ni buti ya nje, upande wa tairi, maana ya ndani ina umbo tofauti. Fungua pakiti, ukunje mpira kwa vidole: ukiona nyufa nyembamba kama nywele, umekaa rafuni miaka mingi, urudishe. Ndani pawe na klipu mbili, kubwa na ndogo, na grisi. Kama grisi haipo, omba ile nyeusi yenye molibdenamu. Grisi ya kawaida ya bearing usiitumie hapa.

Utauziwa pia buti iliyopasuliwa ubavuni, ya kugundishwa kwa gundi bila kufungua kitu. Mimi siifungi. Tone dogo la grisi likibaki kwenye ule mshono, gundi haishiki, na uchafu ulioingia kwenye jointi unabaki humo humo.

Kufungua

Utahitaji jeki, stendi, soketi ya 30 na kipini kirefu, spana ya 21 ya nati za tairi, soketi ya 17, nyundo, bisibisi bapa na koleo. Nunua na pini mpya ya nati ya shafti.

Gari likiwa chini, handibreki juu na mawe nyuma ya matairi ya nyuma, toa kofia ya rimu, nyoosha pini uichomoe, utoe na kile kikofia kinachozuia nati. Legeza nati ya 30 sasa hivi. Gari likishapanda juu tairi litazunguka nawe. Ikikataa, ongeza bomba kwenye kipini.

Legeza nati za tairi, inua gari, uliweke juu ya stendi. Usiingize hata mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Tairi likitoka, nenda kwenye mkono wa chini, kile chuma kinachoshikilia habu (kitovu cha tairi) kutoka chini. Boljointi ya 110, yaani kiungo kati ya mkono huo na habu, imefungwa kwa bolti moja na nati mbili, zote za 17. Fungua hizo tatu. Mafundi wengi hufungua bolti mbili kubwa za shokabsoba, lakini ukizigusa hizo unaweza kubadilisha mlalo wa tairi, kisha ulipie kupimiwa. Gandamiza mkono wa chini kwa chuma kirefu, vuta habu nje, na usukume ncha ya shafti itoke. Ikiwa imeng'ang'ania, rudisha nati mpaka ilingane na ncha ndipo ugonge, uzi usiharibike. Angalia paipu ya breki isivutwe.

Kutoa jointi

Hapa ndipo shafti nyingi huharibiwa. Kata buti ya zamani. Mwambie msaidizi aikamate shafti kwa nguvu, isivutike kutoka upande wa giaboksi. Weka kipande cha shaba kwenye pete ya ndani ya jointi, ile iliyokumbatia shafti, upige pigo moja zito. Usipige kizimba, ile fremu inayozishikilia gololi. Jointi imeshikwa na pete ndogo yenye mwanya kwenye ncha ya shafti. Ikikubali, jointi inaruka mara moja. Mapigo manne au matano yakishindikana, acha. Hapo shafti itolewe nzima, na buti ipitishwe kutokea upande wa ndani.

Osha jointi kwa mafuta taa, ukiinamisha kizimba huku na huku mpaka kila gololi ing'ae. Pitisha kidole kwenye mifereji: ukihisi vishimo, usipoteze buti mpya hapo. Ikauke kabisa, kwani mafuta taa yakibaki yatayeyusha grisi.

Kufunga

Zungushia selotepu meno ya shafti yasikate mpira. Ingiza klipu ndogo, kisha buti, kabla ya jointi. Nimeona watu wakipiga jointi ikaingia vizuri, klipu ikiwa bado mezani. Toa selotepu, weka ile pete ndogo, mpya kama ya zamani imepinda. Shindilia grisi katikati ya gololi, gonga jointi mpaka pete ikamate, halafu uivute kwa nguvu uhakikishe haitoki. Grisi iliyobaki itie ndani ya buti.

Kalisha midomo ya mpira kwenye mifereji yake. Chomeka bisibisi chini ya mdomo mdogo ili hewa itoke, mpira usivimbe wala usinywee, ndipo ukaze klipu. Waya wa kufungia unakata mpira, usiuguse.

Rudisha shafti kwenye habu, boljointi, kisha tairi. Gari likishashuka, kaza nati ya 30 kwa toki (nguvu ya kukaza) ya Nm 216 na nati za tairi kwa Nm 103, uweke pini mpya.

Baada ya wiki moja, mulika nyuma ya rimu. Pakiwa pakavu, klipu zimeshika. Mulika na buti ya upande wa pili, maana mara nyingi umri wake ni ule ule wa uliyoitoa.