Ndugu watatu, madarasa matatu, meza moja: kupanga masomo ya likizo nyumbani

Ratiba nyingi za kusomea nyumbani hufa wiki ya kwanza kwa sababu zimenakiliwa kutoka shuleni. Saa 2:00 wote Hisabati, na mzazi mmoja anaitwa na watatu kwa mpigo. Tuchukue nyumba yenye mtoto wa darasa la pili, wa la tano na wa kidato cha kwanza, likizo ya Desemba.

Ripoti iweke kando, umpime kila mmoja. Asome ukurasa mmoja kwa sauti. Akikwama maneno zaidi ya matano, shuka kitabu cha darasa la chini. Wa la tano mpe 402 − 178. Akiandika 376, hajui kukopa: anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu. Huyo sehemu na desimali zimsubiri.

Vitabu vya kiada vinasomwa bure kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ila simu moja haigawanyiki kwa watatu na umeme hukatika. Nakili maswali kwenye madaftari usiku.

Kusoma na Hisabati kila mtu peke yake, kwa zamu. Anza saa 1:30, joto halijapanda. Mdogo kwanza, dakika 20, maana bado hawezi kujisomea maelekezo. Kisha wa la tano dakika 30, mdogo akipanga vizibo vya soda kumikumi. Mwisho mkubwa, dakika 30. Anayesubiri zamu apewe kazi ya jambo alilokwisha kufundishwa jana. Hapa ndipo wengi hukosea: ukimpa jambo jipya, atakuita kila baada ya dakika mbili. Na mkubwa usimfanye mwalimu. Amsomee mdogo hadithi robo saa, inatosha. Zaidi ya hapo atamnong'oneza majibu ili amalize haraka.

Sayansi na Jiografia wasome pamoja, na Dar es Salaam tuna bahari. Jumamosi nendeni Coco Beach maji yakiwa yamejaa, mkaandike saa. Rudini Jumamosi inayofuata saa ileile: mtakuta yanakaribia kupwa kabisa. Mdogo achore alichokiona mara zote mbili, aandike sentensi tatu. Wa la tano apige hesabu: maji kujaa huchelewa wastani wa dakika 50 kila siku, mara 7 ni dakika 350, yaani saa 5 na dakika 50, na toka kujaa hadi kupwa ni kama saa 6 na dakika 12. Mkubwa aeleze kwa mchoro kwa nini bamvua (maji yakijaa na kupwa kupita kawaida) huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji mafu (yakijaa na kupwa kidogo tu) katikati yake.

Ijumaa usipange kitu kipya. Kiporo cha wiki hakikosekani.