Kupika bia ya kimea hapa Mbeya: hatua zote, pamoja na nilizozikosea

Kama umekulia Nyanda za Juu Kusini, sehemu ngumu kuliko zote ya kupika bia umeshaiona ikifanywa, ila hakuna aliyekwambia kwamba ndiyo hiyo. Bibi yangu wa Tukuyu alikuwa anapika togwa jioni. Uji wa mahindi mzito, mwiko unasimama wenyewe. Anaepua, anauacha, kisha anachovya kidole na kuhesabu. Akishindwa kufika tatu, anasubiri. Akifika, ananyunyiza kimea cha ulezi kilichosagwa na kuanza kukoroga. Hapo ndipo nilipokuwa nasogea karibu, maana baada ya dakika chache mwiko uliokuwa umesimama unaanza kulala, uji unakuwa mwepesi kama maziwa, na ukiulamba una utamu ambao hakuna aliyeutia sukari.

Bia ya nafaka inaanza hivyo hivyo. Kimea kina vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari, na vimeng'enya hivyo vina joto vinalolipenda na joto linaloviua. Bibi alipima kwa kidole. Mimi nilinunua kipimajoto, na bado nikaharibu mara tatu. Ya nne imenyweka vizuri, ndiyo sababu naandika.

Vipimo hapa ni vya kupata lita 14 hivi za bia ya kawaida, yenye kilevi cha asilimia 4.5 au zaidi kidogo. Ni ya kunywa nyumbani, watu wazima. Ukitaka kuuza, hilo ni jambo la leseni na si la mwongozo huu.

Unachohitaji

Kimea cha shayiri kilo 3.5, kile cheupe cha msingi. Sokoni Mwanjelwa utapata kimea cha ulezi, cha shayiri hutapata. Mimi huagiza kupitia mtu Dar es Salaam, kinakuja na basi. Hopsi za vidonge (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) gramu 35, na pakiti moja ya hamira kavu ya bia, zote kwa njia hiyo hiyo. Usidanganyike na hamira ya mandazi. Itachachua, ndiyo, lakini bia itanuka mkate na haitatulia.

Sufuria ya lita 30. Ndoo mbili zenye koki, zile za kunawia mikono zilizojaa kila mlango wakati wa korona. Kipimajoto. Haidromita, yaani kile kijiti cha kioo kinachoelea na kukuonyesha maji yana sukari kiasi gani. Mpira mwembamba wa mita moja. Na mfuko mkubwa wa kitambaa cha pazia jepesi, unaoenea sufuria nzima. Fundi cherehani atakushonea kwa dakika kumi. Usitumie chandarua. Vyandarua vingi vina dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo hutaki kuinywa.

Jambo moja kuhusu kipimajoto: kijaribu kwenye maji yanayochemka kabla ya kukiamini. Changu kilisoma 94, nikakirudisha dukani kwa hasira nikisema ni kibovu, nikapewa kingine, nacho kikasoma 94. Tatizo halikuwa kipimajoto. Tuko mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ndugu zetu wa Kyela, kule chini ziwani, wataona namba kubwa zaidi.

Hatua ya 1: Vunja kimea, usikisage

Mara ya kwanza nilibeba kimea changu hadi mashine ya kusaga. Kijana akaniuliza, "Kaka, sembe au dona?" Nikacheka, nikasema dona. Akanirudishia unga laini kabisa. Nilipoutia kwenye maji ya moto, mfuko ukaziba kama umepakwa gundi. Nilining'iniza kile kifurushi saa moja na nusu, kikidondosha tone moja moja, na mwishoni nikawa na lita nne za maji na bonge la ugali mtamu. Kuku walifurahi.

Kila punje inatakiwa ipasuke vipande vitatu vinne, na ganda lake libaki karibu zima. Maganda ndiyo yanayoacha maji yapite. Kinu na mchi vinaweza, ila mkono unachoka na punje nyingi zinapona. Ninachotumia sasa ni ile mashine ya mkono ya kusagia karanga, nimelegeza skrubu yake kidogo. Mwaga konzi moja kwenye sinia uangalie: ukiona punje nzima, kaza, ukiona unga mwingi, legeza.

Hatua ya 2: Kuloweka

Hapa tulia. Hatua nyingine zinavumilia makosa, hii haivumilii.

Pasha lita 10.5 za maji hadi nyuzi 73 au 74. Zima moto. Vika sufuria mfuko wako, kisha mimina kimea kidogo kidogo huku ukikoroga, kama unavyosonga ugali, usiache mabonge. Kimea cha baridi kitashusha joto. Ukipima baada ya kukoroga vizuri, unataka 66. Ikiwa 68, acha wazi na ukoroge dakika mbili. Ikiwa 63, ongeza kikombe cha maji yanayochemka.

Kwa nini 66? Kuna vimeng'enya vya aina mbili vinavyofanya kazi humu. Kimoja kinapenda nyuzi 60 hadi 65 na kinatoa sukari ambayo hamira huila yote, bia inatoka kavu. Kingine kinapenda karibu na 70 na kinaacha utamu ambao hamira haiuwezi, bia inatoka nzito. Kwenye 66 vyote viwili viko kazini. Ukivuka 75 unaanza kuviua.

Na mimi niliviua. Mara ya pili gesi ilikuwa imeisha, nikatumia jiko la mkaa. Mkaa hauna swichi. Niliacha sufuria juu ya makaa nikidhani yamefifia, nikaenda kupokea simu. Niliporudi kipimajoto kilikuwa kinasoma 79. Nilikoroga, nikasubiri saa nzima, nikaonja: uji wa unga, utamu wa mbali sana. Kwa hiyo kama unatumia mkaa, maji yakifika 74 iteremshe sufuria chini kabisa, usiiache jikoni hata kama makaa yanaonekana majivu.

Funika, zungushia sufuria blanketi zito na kanga juu yake, acha dakika 60. Fungua mara moja tu katikati upime. Isishuke chini ya 63. Na onja. Mwanzoni ni maji ya unga. Dakika ya ishirini utamu unakuwa umeshafika, na yale maji meupe yameanza kuwa angavu, rangi ya chai ya rangi iliyopauka.

Kujua kama wanga umeisha, tumia somo la baiolojia la sekondari. Weka tone la maji haya kwenye kisahani cheupe, udondoshee iodini ya duka la dawa. Likigeuka bluu inayokaribia nyeusi, wanga bado upo, funika dakika 15 zaidi. Likibaki na rangi ya iodini, umemaliza. Tone hilo limwage, usilirudishe sufuriani.

Hatua ya 3: Kusuuza

Inua mfuko, uuweke juu ya chekeche lililokaa mdomoni mwa sufuria. Uache uchuruzike. Kisha mwagia polepole lita 12 za maji ya nyuzi 75, kikombe kwa kikombe, ukizunguka. Usitumie maji yanayochemka. Yatakamua ukakasi kwenye maganda, ule unaoshika ulimi kama ndizi mbichi. Sufuriani ufikishe lita 19 hivi.

Siku ya mara ya nne bibi alikuwa amekuja kututembelea. Nilimpa kikombe cha maji haya yakiwa bado na joto. Akanywa, akatazama ndani ya kikombe. "Togwa yako mbona haina uji?"

Machicha yaliyobaki mpe mwenye nguruwe siku hiyo hiyo. Kesho yake yanakuwa yameshachacha.

Hatua ya 4: Kuchemsha

Chemsha dakika 75, sufuria ikiwa wazi. Ukifunika, mvuke unarudisha ndani harufu ya kabichi iliyochemshwa. Dakika tano za kwanza usiondoke: povu linapanda ghafla na kumwagikia jiko lote. Shika mwiko na kikombe cha maji baridi.

Povu likishatulia, zikibaki dakika 60, tia gramu 25 za hopsi. Hizo ni za uchungu. Zikibaki dakika 10, tia gramu 10 zilizobaki, za harufu. Vipimo hivi ni vya hopsi ambazo pakiti yake imeandikwa alfa (kipimo cha nguvu ya uchungu) asilimia 6 hivi. Zikiwa 12, zile za kwanza zipunguze nusu. Huku kwetu maji yanachemka kwa joto dogo, kwa hiyo uchungu unatoka pungufu kidogo kuliko wa mtu wa pwani mwenye vipimo hivi hivi. Usishangae.

Hatua ya 5: Kupoza

Kuanzia hapa, chochote kinachogusa bia kiwe kimeuliwa vijidudu. Ndoo, koki, mpira, mfuniko, kijiko. Loweka kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, kijiko kikubwa kimoja kwa lita nne, dakika 15. Kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na usuuze tena. Klorini ikibaki inaungana na vitu vya kwenye kimea na kuleta ladha ya plasta ya kidonda.

Tumbukiza sufuria kwenye beseni kubwa la maji baridi, ubadilishe maji kila yanapopata joto. Kwa maji ya bomba ya Uyole mwezi wa Juni, beseni tatu zinatosha, chini ya saa moja unafika nyuzi 20. Hii ndiyo zawadi ya kuishi baridini.

Hatua ya 6: Hamira

Mimina kwenye ndoo kutoka juu ili hewa iingie. Hamira inaihitaji mwanzoni. Chota kidogo upime kwa haidromita: yangu ilisoma 1.046. Andika, maana namba hii itashuka kadiri hamira inavyokula sukari. Amsha hamira kwenye nusu kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa hadi uvuguvugu, dakika 15, kisha imimine. Funika ndoo, pitisha mpira kwenye mfuniko, ncha yake ya pili izame kwenye chupa ya maji. Kesho yake utasikia inabwabwaja.

Iache kwenye nyuzi 18 hadi 20, wiki mbili. Baridi inayotusaidia kupoza inatugeuka hapa. Mara ya tatu ilikuwa Julai. Haidromita ilisoma 1.024 siku tatu mfululizo, na nilikuwa nimesoma kwamba namba isipobadilika bia imeiva. Nikaijaza kwenye chupa za vioo, nikapanga stoo. Haikuwa imeiva, hamira ilikuwa imelala kwa baridi. Joto lilipopanda mwezi wa Septemba ikaamka, na chupa zikaanza kupasuka usiku mmoja mmoja. Vigae nilivikuta hadi kwenye gunia la maharage. Angekuwemo mtoto mle stoo sijui ningesema nini.

Kwa hiyo namba isibadilike siku tatu na pia iwe imeshuka hadi karibu 1.010 au 1.012. Ikikwama juu, zungushia ndoo blanketi, isogeze chumba chenye joto, itikise kidogo bila kufungua, ungoje wiki nyingine. Ya mara ya nne iliishia 1.011.

Hatua ya 7: Chupa

Sukari gramu 6 kwa kila lita, yaani gramu 84 kwa lita 14. Pima kwa mizani, usikadirie kwa kijiko. Ichemshe na maji kikombe kimoja, ipoe, itie kwenye ndoo ya pili, kisha hamishia bia juu yake kwa mpira, taratibu, ukiacha mashapo chini.

Mara za kwanza tumia chupa za plastiki za soda. Zinahimili mgandamizo, na ukiibonyeza unajua hali ya ndani: ikiwa ngumu kama tairi la baiskeli, gesi imeshaingia. Acha nafasi ya vidole viwili juu. Wiki mbili ndani ya nyumba, kisha siku mbili kwenye friji. Mimina bila kutikisa, na ule utope wa chini uache kwenye chupa.

Bibi alionja nusu glasi, akakunja uso kwa ule uchungu, akasema ingekuwa ya ulezi angemaliza. Kwa hiyo mara ya tano ninapunguza shayiri hadi kilo 3, na nusu kilo ya unga wa kimea cha ulezi naipika uji kwanza, kwa sababu wanga wa ulezi hulainika kwa joto la juu kuliko wa shayiri. Uji ukipoa hadi nyuzi 70 nauchanganya kwenye sufuria ya kuloweka, na maji yake nayahesabu humo humo kwenye zile lita 10.5. Ulezi wenyewe nimeshaununua, uko juu ya kabati.