Kompyuta ya Mezani Ikigoma Kuwaka: Jua Kwanza Imekwamia Wapi

Kompyuta ya nyumbani ikigoma kuwaka, fundi wa mtaani mara nyingi huwa na jibu moja tayari, kwamba ipigwe Windows upya, yaani programu kuu inayoiendesha ifutwe na kuwekwa tena. Jibu hilo huenda likawa sahihi, lakini likitolewa kabla mashine haijachunguzwa linaweza kufuta picha za familia, hesabu za duka na kazi za shule huku tatizo lenyewe likibaki pale pale, kwa kuwa hitilafu nyingi za aina hii hutokana na umeme, ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) au betri ndogo iliyo kwenye mazabodi (bodi kuu inayounganisha vipuri vyote). Kwa hiyo, kabla ya kugusa programu yoyote, itazame mashine inavyowaka na ubaini inakwamia hatua gani, maana kila hatua ina washukiwa wake.

Ukibonyeza kitufe na pasiwake taa wala kuzunguka feni, shughulika na umeme peke yake. Chomeka chaji ya simu kwenye soketi hiyo hiyo ili ujue kama ina umeme, jaribu waya wa umeme wa monita, ambao mara nyingi huingiliana na wa kompyuta, kisha angalia swichi iliyo nyuma ya pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine), ambayo inatakiwa ilalie upande wenye alama ya I. Baadhi ya pawasaplai za zamani zina swichi nyingine, aghalabu nyekundu, yenye namba 115 na 230. Kwa umeme wa Afrika Mashariki iwe kwenye 230 daima. Ikiachwa kwenye 115, jambo ambalo linaweza kutokea kwa mashine ya mtumba iliyotoka Marekani, pawasaplai inaweza kuungua papo hapo inapowashwa. Kama tatizo limeanza baada ya umeme kukatika na kurudi ghafla, chomoa waya ukutani, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha chomeka tena. Mashine ikiendelea kuwa kimya, azima pawasaplai nyingine uijaribie. Ile ya zamani usiifungue kamwe, kwani kapasita zake hutunza umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa.

Hali inayowachanganya watu zaidi ni ile ambayo feni zinazunguka na taa zinawaka, lakini skrini inabaki nyeusi. Ikiwa kompyuta imeongezewa kadi ya grafiki, yaani kadi ya kutoa picha, waya wa picha wa monita uchomekwe kwenye kadi hiyo na usichomekwe kwenye tundu la mazabodi. Baada ya hapo mshukiwa mkuu ni ramu, hasa kwa wakazi wa Mombasa, Tanga au Unguja, ambako hewa ya chumvi na unyevunyevu huharibu viunganishi vya chuma. Chomoa umeme, fungua ubavu wa kasha, gusa chuma kitupu cha kasha ili umemetuli ulio mwilini utoke, kisha sukuma vibanio vya pembeni mpaka kipande cha ramu kinyanyuke. Ukikitazama penye mwanga utaona safu ya meno ya rangi ya dhahabu. Yakiwa yamefifia au yameingia weusi, yasugue taratibu kwa raba nyeupe ya kufutia penseli, kisha yapanguse kwa kitambaa kikavu. Tundu lake lisafishe kwa brashi laini, wala usilipulize kwa mdomo, kwa sababu mate nayo ni unyevu. Unapokirudisha, linganisha pengo lililo kati ya meno na kigingi kilicho kwenye tundu, halafu kandamiza ncha zote mbili hadi vibanio vijifunge. Vipande vikiwa viwili, washa na kimoja kimoja, na ubadilishe matundu. Kimoja kikiwasha na kingine kisiwashe, umempata mkosaji bila kumlipa mtu. Mashine ikilia, hesabu milio mirefu na mifupi, kisha tafuta maana yake kwa jina la modeli yako, kwa kuwa kila mtengenezaji ana mpangilio wake.

Ninalotaka msomaji alishike zaidi ni habari ya betri ile ya mviringo, CR2032 ya volti 3, kwa sababu ikiisha, watu huisingizia Windows kuwa mbovu. Betri hii hutunza saa na mipangilio ya BIOS (programu ya mazabodi inayoanza kabla ya Windows) wakati mashine imechomolewa. Ikiisha, tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa, na mipangilio inaweza kurudi ile ya kiwandani. Basi ikiwa Windows iliwekwa wakati diski ikisomwa kwa mtindo wa AHCI, na mtindo wa kiwandani wa mashine hiyo ni RAID (hizi ni njia mbili tofauti za mazabodi kuisoma diski), kompyuta inaweza kufika kwenye nembo ya Windows, itoe skrini ya bluu na kujiwasha upya, ilhali kila faili liko salama. Tiba yake ni kuingiza betri mpya, upande wa jumlisha ukiangalia juu, kuingia kwenye BIOS kwa kubonyeza F2 au Delete mashine inapoanza kuwaka, kurekebisha tarehe, kisha kurudisha mtindo wa kusoma diski (SATA) uliokuwepo.

Skrini ikiandika kwamba hakuna diski ya kuwashia, chomoa kwanza flashi zote. Ndani ya BIOS angalia kama diski inaonekana; isipoonekana, badilisha waya wake au tundu lake. Diski ya kuzunguka inayotoa mlio wa kugongagonga isiwashwe tena, kwani kila ukiiwasha unapunguza uwezekano wa kuokoa vilivyomo.

Ikiwa Windows inaanza na kukwama, Windows 10 na 11 hufungua zenyewe ukurasa wa matengenezo baada ya kushindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo. Anza na "Startup Repair". Isipofaa, ondoa sasisho la mwisho, au ingia "Safe Mode", ambako Windows huwaka na vitu vya lazima tu. Mashine ikitulia humo, tatizo huenda likawa programu au draiva (programu inayoendesha kifaa) iliyowekwa karibuni. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda faili, inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta.

Yote hayo yakishindikana, hapo ndipo kupiga Windows upya kunapokuwa na maana, lakini baada ya kuhamisha faili kwa kuwasha mashine na Linux (mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta) iliyo kwenye flashi, au kwa kuipachika diski kwenye kompyuta nyingine. Kwa kuweka Windows, andaa flashi ya angalau GB 8. Kumbuka pia kwamba Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba Windows 11 hudai TPM 2.0 (chipu ya usalama) pamoja na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, iliyo kwenye orodha yake, ambayo kwa Intel nyingi huanzia kizazi cha 8. Kwa mashine ya zamani kuliko hapo, Linux iliyotumika kuokolea faili inaweza kubaki humo moja kwa moja.