Namna ya kuulinda moyo wa mzee kwa madini ya vyakula vya huku huku Mtwara na Lindi

Hii ni kwa wale ambao nyumbani kuna mzee ana presha, ana sukari au kaambiwa moyo umetanuka, afu kila mgeni akija anamletea kopo la vidonge vya antioksidanti, yaani vya kuzima chembe zinazounguza seli za mwili, la bei ya kutisha. Kabla hamjatoa hela tena someni kwanza, maana sehemu kubwa ya kinachotafutwa humo ipo Feri kwa wavuvi na sokoni kwenye mbaazi, ila ina namna yake ya kuliwa na kuna watu hawatakiwi kuongeza madini hovyo.

Moyo hauna likizo, unachoma mafuta na sukari kwa oksijeni usiku na mchana, na kwenye huo uchomaji zinatoka chembe kali za oksijeni kidogo kidogo. Hiyo kawaida, mwili unazizima. Shida zikizidi, zinaanza kula ngozi ya seli za moyo kama hewa ya chumvi inavyokula fremu ya baiskeli pale Mikindani. Sigara inazizidisha, sukari inazizidisha, presha ya miaka mingi nayo, na hata pale mshipa wa moyo ulioziba unapofunguliwa hospitali, damu inarudi na chembe hizo zinamwagika kwa mkupuo, yaani tiba inaokoa uhai lakini inaacha na mchubuko wake.

Sasa madini yanaingiaje? Mwili unazizima hizo chembe kwa vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia mwilini, na vimeundwa na madini ndani yake. Kimoja kinataka shaba na zinki, mwenzake anayekaa ndani kabisa ya seli, kwenye mitambo ya nishati, anataka manganizi, hivi viwili vinageuza chembe kali kuwa haidrojeni peroksaidi ambayo nayo bado inaunguza, ndo kinakuja cha tatu chenye seleniamu kinaimalizia kuwa maji. Seleniamu ikikosekana kazi inaishia njiani. Magnesiamu yenyewe inashika mapigo yasirukeruke, na wanyama wa maabara walionyimwa magnesiamu misuli ya moyo wao ilipata vidonda, ila waliopewa vitamini E vidonda vikapungua, ndo watu wakajua kwamba madini na antioksidanti vinafanya kazi ya pamoja.

Kwa binadamu mfano mkubwa ni wa China. Wilaya ya Keshan, kaskazini mashariki, mwaka 1935 ulirekodiwa ugonjwa wa misuli ya moyo uliokuwa unaua akina mama na watoto, baadaye sana ikaonekana udongo wa kule hauna seleniamu, mahindi hayana, watu hawana. Miaka ya 1970 wakagawa vidonge vya seleniamu na wagonjwa wapya wakapungua sana. Kulikuwa na kirusi pia, tusidanganyane, ila kilikuwa kinawashinda wale waliopungukiwa. Na msione ni mbali, Malawi hapo jirani mahindi ya maeneo mengi yana seleniamu kidogo, kwa hiyo anayekaa bara anakula ugali na mboga ya majani tu mwaka mzima ajiangalie.

Haya, kazi yenyewe. Anza na unga. Sembe nyeupe imekobolewa na magnesiamu nyingi imeondoka na pumba, rudisha dona japo mara kadhaa kwa wiki. Ugali wa muhogo siusemi vibaya, nani kule Newala atanielewa, ila madini yake machache kwa hiyo mboga ndo ibebe mzigo: mbaazi, kunde, kisamvu, mlenda. Mbaazi loweka usiku kucha afu mwaga yale maji, inapunguza asidi inayobana zinki na chuma tumboni.

Korosho ndo mali yetu na watu wanaiuza yote mnadani wanabaki kununua biskuti! Gramu 100 ina kama miligramu 290 za magnesiamu, na mtu mzima anahitaji kati ya 310 na 420 kwa siku. Kiganja kimoja, gramu 30 hivi, kinakupa zaidi ya 80 na zaidi ya nusu ya shaba ya siku nzima. Usinunue zile nzima nyeupe za kupeleka nje, nunua vipande, bei nafuu na madini ni yale yale. Za kukaanga bila chumvi, hasa kwa mwenye presha. Halafu zinuse: zikitoa harufu ya mafuta ya zamani na ukitafuna kuna uchungu nyuma ya ulimi, acha, mafuta yake yashaliwa na oksijeni, unamlisha mzee kile kile unachokikimbia. Ukifika nyumbani weka kwenye chupa inayofunga vizuri, mbali na jua. Kiganja kinatosha, korosho ina mafuta mengi, bakuli zima ni unene. Ufuta wa Lindi nao ni hivyo hivyo, tena magnesiamu yake imezidi, ila uponde kwanza, punje nzima zinapita tu.

Seleniamu ni baharini. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 55 kwa siku, gramu 100 za pweza zinakaribia hapo, jodari anapitiliza. Kibua na dagaa pia wamo. Ng'onda, yaani samaki wakavu wa chumvi, sawa lakini chumvi yake, loweka na mwaga maji mara mbili.

Msimu wa mabibo ukifika kula mabibo, vitamini C yake inazidi ya chungwa mara kadhaa. Nshajua mtu atauliza uraka, ile pombe ya mabibo. Uraka hapana, pombe inatoa magnesiamu kwenye mkojo na ikizidi inalegeza moyo wenyewe.

Afu angalia panapovuja. Dawa za presha za kukojoza kama furosemaidi zinatoka na magnesiamu na potasiamu, omeprazoli ukiinywa miezi na miezi nayo inashusha magnesiamu, kuharisha kusikoisha pia. Usimwachishe dawa! Mpeleke kliniki na karatasi ya dawa zake zote, hospitali ya Ligula, Sokoine, Ndanda, popote alipo na faili, waambie mapigo yanaruka au misuli inakakamaa, wapime. Mwenye figo mbovu asiongezewe magnesiamu wala potasiamu mpaka daktari aseme. Na kifua kikibana na jasho la baridi hapo hakuna cha korosho, ni gari na hospitali saa hiyo hiyo.

Kuhusu lile kopo, kama vipimo havijaonesha upungufu halina maana sana. Finland mwaka 1994 wavuta sigara waliopewa vidonge vya beta karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18 kuliko wasiopewa, sasa huyo anayekuuzia na kusema havina madhara, hayo kayatoa wapi? Likishafika nyumbani geuza usome nyuma. Zinki miligramu 50 kila siku kwa muda mrefu inafukuza shaba mwilini. Seleniamu ikizidi maikrogramu 400 kwa siku, ukijumlisha na ya samaki, nywele zinaanza kunyonyoka na kucha kukatika. Na ukikuta vitamini E yuniti 400 (IU), hiyo ndo dozi iliyopimwa kwenye utafiti wa HOPE wa watu zaidi ya 9,000 wenye hatari ya moyo, kama nusu yao wakapewa hiyo na wengine vidonge bandia, wakanywa kama miaka minne na nusu, majibu yakatoka mwaka 2000, na kwa moyo ikatoka kapa.