Mtaala na Muhtasari wa Somo: Namna ya Kuvisoma na Kuvifanyia Kazi

Mtaala hubeba ngazi nzima ya elimu: malengo yake, masomo yatakayofundishwa, muda wa kila somo kwa wiki, lugha ya kufundishia, sifa za mwalimu, vifaa na namna ya kumpima mwanafunzi. Muhtasari, ambao walimu wengi huuita silabasi, huchukua somo moja tu kutoka kwenye mtaala huo na kulipanga mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo shule ya msingi ina mtaala mmoja na mihtasari mingi. Tanzania Bara kazi ya kuandaa mitaala na mihtasari hufanywa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Kenya hufanywa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD).

Kitabu cha kiada si muhtasari. Mwalimu anayefuata kitabu ukurasa kwa ukurasa hana namna ya kujua kipi ni cha lazima na kipi ni mfano tu, na muda ukimbana atakata pasipostahili.

Anza kwa kuangalia jalada: ngazi, somo na mwaka. Mitaala iliyoboreshwa Tanzania ilianza kutekelezwa Januari 2024, darasa baada ya darasa, hivyo kwa kipindi fulani shule moja hutumia mihtasari ya aina mbili. Ukiona safu za mada, mada ndogo na malengo mahususi, huo ni wa zamani. Mpya huanza na umahiri mkuu (uwezo mpana anaopaswa kuujenga mwanafunzi), kisha umahiri mahususi (sehemu ndogo za uwezo huo), shughuli za ujifunzaji, mbinu, vigezo vya upimaji, rasilimali na idadi ya vipindi.

Soma safu zake kutoka kulia kwenda kushoto. Ushauri huu huwashangaza wengi, lakini ndio unaookoa muda. Idadi ya vipindi inakuambia uzito wa kazi. Vigezo vya upimaji vinakuambia mwanafunzi aonyeshe nini mwishoni. Kigezo kikidai barua rasmi iandikwe kwa muundo sahihi, basi kukariri sehemu za barua hakutoshi. Lazima darasa liandike, lisahihishwe, liandike tena.

Sasa piga hesabu kabla ya kuandika azimio la kazi, yaani mpango wa kufundisha somo wiki kwa wiki. Tuseme muhula una wiki 18 na somo lina vipindi 5 kwa wiki: hivyo ni 90. Ondoa wiki 2 za mitihani na 1 ya sikukuu na shughuli za shule. Zinabaki wiki 15, vipindi 75. Ikiwa umahiri uliopangwa kwa muhula huo unadai vipindi 80, umepungukiwa 5. Usivitoe vyote mwishoni, maana hapo ndipo penye kazi ngumu zinazojengwa juu ya zilizotangulia. Tafuta shughuli mbili zilizo chini ya umahiri mahususi mmoja zinazoweza kufanyika pamoja, upunguze hapo. Vipindi vya vitendo usiviguse.

Azimio likikamilika, andalio la somo, yaani mpango wa kipindi kimoja, linakuwa jepesi: chukua shughuli moja kutoka kwenye azimio, andika mwanafunzi atafanya nini katika dakika za kipindi, kisha nakili kigezo chake kama kilivyo kwenye muhtasari. Ukikibadilisha kuwa "mwanafunzi aelewe", umepoteza kipimo, kwa sababu kuelewa hakuonekani kwa macho. Tumia vitenzi vinavyoonekana: aandike, apime, achore, atofautishe.

Kosa linaloumiza zaidi ni kukimbilia kumaliza silabasi. Mihtasari ya sasa inapima umahiri, na kufikia ukurasa wa mwisho huku nusu ya darasa haijaweza ni kuhamishia mzigo kwa mwalimu wa mwaka unaofuata. Jaza safu ya maoni kwenye azimio kila wiki, siyo siku ya ukaguzi. Andika wangapi wamefikia kigezo, nini kimekwama, na kipindi kipi utakitumia kurudia.